"Oili ni Oili, Mama": Karakana Iliyoniacha Katikati ya Kitonga

"Oili ni oili, mama."

Maneno hayo nimeyabeba kutoka Morogoro hadi Iringa na kurudi nayo, na hadi leo yakinijia usiku sipati usingizi mpaka nimeinuka nikanywa maji.

Habari za pikipiki yenyewe sitazieleza. Ni ya Kihindi, hizi hizi mnazoziona kila kijiwe, na sifa zake zimeandikwa kila mahali. Ninaandika kuhusu karakana niliyoipelekea sevisi, hapo Morogoro mjini. Jina lao silitaji, wakisoma watajijua. Nilikuwa na safari ya kwenda kumwona mama, kilomita kama 300 za barabara kuu, na sikutaka kutoka na oili ya zamani. Kwa hiyo nilifanya kama nilivyofundishwa: nikaenda mapema, nikapanga foleni, nikasubiri zamu yangu.

Kijana wa kaunta aliitazama pikipiki, akanitazama mimi, akauliza, "Ni ya shemeji?"

"Ni yangu."

"Aah, ya biashara. Umemkabidhi kijana?"

"Naiendesha mwenyewe. Nakwenda nayo Iringa."

Akacheka. Ilikuwa ile cheko ya mtu mzima akimsikia mtoto akisema ataoa. "Basi mwambie shemeji apite hapa siku moja, tumwelekeze namna ya kuitunza." Nikameza. Nikamuuliza wanatumia oili gani, maana hilo ni swali nisiloliacha hata siku moja. Hata hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Oili ni oili, mama. Pikipiki ni pikipiki."

Nikalipa, nikaondoka. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia: nililipa.

Ili mjue kwa nini maneno yale yaliniuma kuliko hata klachi iliyoungua, lazima niwarudishe Dabaga, kwetu Iringa. Nilikuwa na miaka sita au saba. Baba mdogo alikuwa bwana mifugo kule, na kazini walikuwa wamempa Yamaha AG100. Aliyewahi kuiona haisahau: karia mbele na karia nyuma, cheni imefunikwa kote tope lisiingie, stendi pande zote mbili ili uiegeshe hata kwenye mteremko. Haikuwa na urembo wowote. Injini yake ilikuwa ya zile zinazochoma oili pamoja na petroli, ikiwashwa asubuhi inatoa moshi wa bluu, na ule moshi unajilaza ndani ya ukungu, haupandi wala haushuki. Harufu ile ndiyo harufu ya utoto wangu. Nikiipata leo mahali, mashine ya kukatia miti inapounguruma msituni kwa mfano, nasimama.

Siku moja kabla hajafunga sanduku la chanjo za ng'ombe, alinipakata juu ya tenki, uani kwetu, akauchukua mkono wangu akauweka kwenye resi na wake juu yake. "Vuta kidogo," akaniambia. "Kidogo. Isikilize." Tukazunguka ua mara mbili, mwendo wa mtu anayetembea. Bibi alikuwa mlangoni ameshika kichwa. Baba mdogo hakusema kwamba mimi ni mtoto wa kike, wala kwamba nitaunguza mguu kwenye ekzosi. Alisema niisikilize.

Watu wakiulizwa walivutwa na nini kwenye pikipiki hutaja upepo, mwendo, uhuru. Sibishani nao, kila mtu na lake. Mimi naamini wengi wetu tuliingia kwa sikio, na mara nyingi kuna mtu mmoja aliyetuamini kabla hatujastahili. Hata lugha yetu inashuhudia. Gari tulikopa jina kutoka Bara Hindi, baiskeli tukakopa kwa Waingereza, lakini hii tuliisikia kwanza: pikipiki, na wengine tukutuku. Tuliita kile kilichotuvuta.

Sasa mtu ambaye kazi yake ni pikipiki ananiambia oili ni oili. Maana yake hajawahi kuisikiliza hata moja.

Safari ilianza vizuri, nakiri. Mikumi nilipita taratibu, vibao vya faini za wanyama vikinitazama, twiga wawili kwa mbali. Bonde la mibuyu kulikuwa na joto la kukausha macho. Ruaha Mbuyuni nikasimama kununua vitunguu vya mama, na pale niliona kitu: nikiachia klachi, pikipiki inachelewa kidogo kuondoka. Kidogo sana. Nikajiambia ni joto. Baba mdogo angesimama hapo hapo. Mimi nilikuwa na haraka ya kufika kabla ya giza.

Kitonga mnaijua, ule mlima wa barabara kuu ya Iringa. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, kona juu ya kona, na malori ya Tunduma na Zambia yanapanda kama yanavutwa kwa kamba. Nilikuwa nyuma ya lori moja la makontena. Nikavuta resi nipate nguvu ya kona, injini ikapandisha sauti, lakini mwendo ukashuka. Nikavuta tena. Inalia, haiendi. Nikarudisha gia, ikalia zaidi. Kisha ikaja harufu, kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Nyuma yangu basi linapiga honi. Nikaingia pembeni kwenye mtaro, nikashuka, miguu inatetemeka, vitunguu vimemwagika.

Niliwapigia pale pale. Akapokea yule yule. "Mama, labda hujui kupanda mlima na gia." Nikamweleza mlio, nikamweleza harufu. "Basi mwambie shemeji..." Nikakata simu. Nilijaribu kuisukuma mwenyewe, nikaenda kona moja, jasho likaniingia machoni, nikakaa chini nikalia. Sikulia kwa uchovu.

Nieleze jambo hili, kwa sababu lingenigharimu maisha na linaweza kumgharimu mwingine. Kwenye gari la gia za kawaida, klachi hukaa pakavu, mbali na oili ya injini. Kwenye pikipiki zetu nyingi oili moja inafanya kazi tatu: inalainisha injini, inalainisha gia, na klachi nzima inaogelea humo humo. Oili nyingi za magari ya siku hizi, hasa zile nyepesi za kubana matumizi ya mafuta, zimewekwa kemikali za kupunguza msuguano. Injini ya gari inazifurahia. Klachi inaishi kwa msuguano, pleti zake lazima zishikane, na ukizipaka kitu cha kuzitelezesha zinateleza, zinapata moto, zinaungua. Ndiyo sababu Wajapani waliweka alama yao maalumu ya oili za pikipiki mwaka 1998, JASO MA, na herufi hizo huandikwa mgongoni mwa chupa. Inachukua sekunde mbili kuzisoma. Sekunde mbili tu, kaka yangu wa kaunta, uweke simu chini usome!

Na habari ya shemeji nayo siiachi. Mwaka 1946, vita vimekwisha, Soichiro Honda, mwanzilishi wa kampuni ya Honda, alichukua vijiinjini vya jeshi vilivyokuwa vikizalisha umeme wa redio, akavifunga kwenye baiskeli. Tenki la ile ya kwanza lilikuwa chupa ya maji ya moto ya nyumbani kwao. Na aliyempa aitoe barabarani kuijaribu alikuwa mkewe, Sachi. Mwanamke alikuwa juu ya pikipiki tangu siku zile, na mimi naulizwa mume wangu yuko wapi.

Aliyenitoa Kitonga alikuwa bodaboda. Alikuwa anashuka kuelekea Mahenge, ile ya chini ya mlima, akaniona, akageuza. "Kamwene, dada." Nikamwitikia. Hakuuliza ya nani. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukata matawi akayalaza barabarani nyuma yetu ili malori yatuone. Kisha akainama, akanusa. "Klachi inaungua hii. Walikuwekea oili gani?"

Swali lile lile. Lile lile nililouliza mimi kaunta! Nilitaka kumkumbatia.

Akasubiri injini ipoe, akafungua kifuniko, akaichovya kidogo na kuisugua kati ya vidole. "Nyepesi hivi. Hii ya gari, dada, wamekuumiza." Tukashuka pamoja hadi Mahenge, yeye mbele mimi nyuma, amenionya nishuke kwa breki bila kuiamini gia. Pale akaimwaga yote kwenye dumu lililokatwa, akanipeleka duka la spea, akachukua chupa akaigeuza akanionyesha herufi kwa kidole. Akaweka, akaiwasha dakika chache, akaimwaga tena kuiosha, akaweka nyingine mpya.

Wakati inachuruzika nilimuuliza alianzaje. Nilidhani atasema ni riziki, maana nami nilikuwa na yangu kichwani kuhusu bodaboda: kwamba kwao ni kazi, na kupenda ni kwetu wenye mishahara, kama mimi mwalimu. Akaniambia alipokuwa mdogo alikuwa akiosha pikipiki za watu Ruaha Mbuyuni. Bila malipo. Malipo yalikuwa kuruhusiwa kuisogeza kutoka mtoni hadi barabarani. "Mita kama kumi, dada. Basi usiku silali." Nilinyamaza. Nilimpa pesa ya oili na ya muda wake. Ya muda alirudisha nusu, nikasukuma, akarudisha.

Nikapanda Kitonga mara ya pili jua likiwa limeanza kuzama. Kwenye kona ile ile ya vitunguu niliachia klachi taratibu, nikavuta resi kidogo, kidogo, na ikashika. Sijui niwaelezeje wasiopanda. Ni kama mtu aliyekuwa anazungumza na wewe huku anatazama pembeni, kisha akakugeukia. Ilinibeba kona hadi kona, injini inaimba chini chini, korongo linabaki nyuma, baridi ya kwetu inaanza kuingia kifuani. Ilula nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji. Nilikuwa na furaha ambayo haikupungua hata mama aliponigombeza kwa kufika usiku.

Kwa hiyo kuhusu pikipiki, niliyoyasema Kitonga nikiwa nimekaa kwenye mtaro nayafuta yote. Nilisema naiuza. Siiuzi. Iliteswa ikavumilia.

Kuhusu karakana, hapa ndipo napata shida. Nilikuwa nimeshaandika "msiende kabisa". Niliporudi Morogoro nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa vita, chupa ya JASO MA nimeishika mkononi kama ushahidi. Safari hii mwenye karakana alikuwepo, mzee wa makamo. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunikatiza hata mara moja. Akaenda stoo, akatoka na dumu kubwa la oili wanayoimimina kwenye kila chombo kinachoingia, akalisoma, uso ukambadilika. "Mwalimu, tumekukosea." Alinirudishia pesa yote, akafungua klachi mbele yangu, pleti mbili zilikuwa zimegeuka rangi, akabadilisha zote bila kunidai hata shilingi. Fundi aliyezifunga alifanya kazi safi kuliko nilivyowahi kuona, mkono mtulivu, kila bolti anaifuta kabla ya kuirudisha.

Basi nilitaka kuandika kwamba waendewe. Lakini ni pikipiki ngapi zilikwishapewa dumu lile? Wangapi walipanda Kitonga, au Kolo, au Sekenke, na hawakukutana na kijana wa Mahenge? Nikifikiria hilo hasira inarudi kama haikuwahi kuondoka, na pleti za bure haziizimi. Tena yule wa kaunta hakuniomba radhi. Mzee alimwita, akasimama, akatazama sakafu, akarudi kwenye kiti chake.

Nikatoka nje, nikavaa helmeti, nikawasha. Nikawa nasikiliza kwanza, kama ilivyo desturi yangu. Nikamwona amesimama mlangoni. Simu hakuishika. Akasogea, akasogea tena, akaangalia lile tope jekundu la Kilolo lililokuwa bado limekauka kwenye rimu.

"Mwalimu," akasema, sauti ya chini, "Kitonga uliipanda kwa gia ya ngapi?"

Hakuwa anacheka. Baadaye fundi aliniambia kijana yule hana pikipiki, leseni hana, na mbali zaidi aliyowahi kufika akiwa juu ya moja ni hapo Mzumbe, amepakiwa nyuma.

"Ya pili," nikamjibu. Alitaka kuuliza zaidi, niliona mdomo unafunguka. Nikaweka gia nikaondoka. Hasira ilikuwa bado haijaniisha, na haijaniisha hata sasa.

Sevisi nyingine imekaribia. Chupa nimeshainunua, ninayo hapa mezani. Nadhani nitaipeleka pale pale.