Kadi ya Thabeet kwa laki moja na themanini: muuzaji wa Arusha nampa nyota mbili

Senta wa timu yangu ya kikapu hapa Moshi ana miaka 17 na tayari anainama kuingia ofisi ya walimu. Anainama hata pasipo na mlango, maana mtaani kwao wanamwita twiga na amechoka. Nilitaka kumpa kitu cha kushika mkononi: kadi ya picha, zile ambazo watu hukusanya, ya Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam mwenye futi saba na inchi tatu, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009 kwenye drafti ya NBA, pale timu za ligi kuu ya kikapu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Tukachanga walimu wanne.

Muuzaji yuko Arusha. Hana duka la kuingia, anauzia Instagram kisha mnahamia WhatsApp. Ukurasa wake unavutia: kadi za mpira na za kikapu zimepangwa juu ya kitambaa cheusi, picha safi. Bei haipo hata moja. Chini ya kila picha ameandika "njoo inboksi", na leo nikiona maneno hayo kwa muuzaji yeyote napita.

Nilimwandikia saa mbili usiku, akajibu papo hapo, kwa adabu kabisa. "Karibu sana dada. Hiyo ya Thabeet ni laki mbili." Nikamwambia mimi ni mwalimu na hiyo ni zawadi ya mwanafunzi. "Basi mwalimu, kwa ajili yako laki na themanini. Ila kuna mteja wa Dar anaisubiri, kesho saa nne haipo." Akaongeza kwamba ni PSA 10, yaani imekaguliwa ikapata alama ya juu kabisa, kwamba ipo moja tu Tanzania nzima, na kwamba imetoka msimu mmoja na kadi za kwanza za Stephen Curry, nyota wa NBA. Nilipouliza mbona bei iko juu hivyo, akanitumia skrinshoti ya eBay, soko la mtandaoni: kadi ile ile, dola 95. Nikatuma hela kabla sijalala.

Nianze na haki yake. Mzigo ulipakiwa Coaster asubuhi, saa nane mchana nikauchukua stendi. Kadi ilikuwa ndani ya mfuko laini wa plastiki, mfuko ndani ya kasha gumu la sumaku, kasha katikati ya vipande viwili vya boksi, na gundi ya karatasi ambayo haikuacha alama popote. Kwenye kufunga na kusafirisha sina neno. Na kadi yenyewe ni halali, siyo ya kuchapisha kwa printa: Thabeet na jezi namba 34 ya Memphis, timu yake ya kwanza NBA.

Tatizo lilianza nilipoisogeza dirishani. PSA ni kampuni ya Marekani inayokagua kadi na kuzipa alama kuanzia 1 hadi 10. Wanaangalia kona, kingo, uso wa kadi na kama picha imekaa katikati, kisha wanaifungia kwenye kasha lao lenye lebo na namba, na namba hiyo mtu yeyote anaweza kuihakiki kwenye tovuti yao. Kasha langu halina lebo wala namba, ni la sumaku tu, linafunguka kwa kidole. Na kona ya chini kushoto ina doa jeupe dogo kama punje ya chumvi, pale rangi ilipochubuka na karatasi ikaonekana. Kadi ya alama 10 haiwi na kona ya namna hiyo.

Mwalimu wa kompyuta ndiye aliyenifumbua macho kuhusu ile skrinshoti. Dola 95 ilikuwa bei anayoitaka mtu fulani aliyebandika tangazo, hakuna aliyeilipa. eBay ina sehemu ya kuchuja vitu vilivyokwisha kuuzwa. Tukachuja. Kadi ile ile, ambayo haijakaguliwa, ilikuwa imeuzwa mara kadhaa kwa dola mbili hivi. Elfu tano na ushee.

Sababu ya bei kuwa ndogo hivyo inajulikana kwa yeyote aliye kwenye biashara hii, na muuzaji wangu bila shaka anaijua. Kadi za kawaida za msimu ule zilichapwa kwa wingi, na Thabeet hakung'ara kule. Mwaka 2010 Memphis walimpeleka ligi ya chini, Dakota. Curry, aliyechaguliwa wa saba drafti ile ile, ndiye kadi zake zilipanda, na moja ya msimu ule iliuzwa kwa mamilioni ya dola mwaka 2021. Utajiri wa kadi ya Curry haumwagikii ya jirani.

Faida siikatai. Kuleta kifurushi kutoka Marekani ni gharama, na mtaji unakaa miezi. Angeniambia elfu 50, nikajua ni kadi ya kawaida yenye kona iliyochubuka, ningelipa na kumshukuru. Mama ninayenunua kwake ndizi Mbuyuni naye anaweka cha juu, lakini bei anaitaja mbele ya kila mtu na mkungu ananiacha niugeuze. Huyu alinificha bei, akanipa alama ambayo kadi haina, na akaniharakisha kwa mteja ambaye sasa siamini kama yupo. Nilipomwandikia kuhusu PSA alijibu mara moja tu: "Mwalimu, biashara ni makubaliano." Tangu hapo kimya.

Ukiamua kununua kwake, mwambie akupigie picha kona zote nne kwenye mwanga wa jua, mbele na nyuma. Akisema PSA, omba namba uihakiki mwenyewe kabla ya kutuma hata shilingi.

Nyota mbili, zote kwa ufungaji na usafirishaji.

Kadi nimempa kijana Ijumaa baada ya mazoezi. Bei hakuuliza, na hatajua kwangu. Aliuliza futi saba na inchi tatu ni sentimita ngapi. Nikamwambia 221. Akasimama kando ya ukuta wa ofisi, visigino vimegusa, kichwa juu, akaniomba nimpime.