Bucha la kishua Msasani: kipi ununue, kipi uache

Msasani ya wavuvi, hapa Dar es Salaam, bado ipo, ila imezingirwa. Katikati ya ghorofa za kupangisha na migahawa ya kahawa siku hizi utakuta bucha lenye kiyoyozi, jibini kwenye kabati la kioo, na bei zilizoandikwa kwa gramu 100. Zidisha mara kumi kwanza, ndipo ulinganishe na kilo ya bucha la mtaani. Wengi hawazidishi.

Kwangu mimi, hela ya pale ni ya kulipia muda na baridi. Kisichohitaji hivyo viwili, kanunue kwingine.

Namba moja, bila ubishi, ni steki yenye mfupa iliyotundikwa kwenye chumba cha baridi wiki tatu au nne. Ng'ombe wetu wengi ni zebu wa kienyeji, wametembea sana kutafuta malisho, na nyama inayotoka machinjioni Vingunguti kwa kawaida huuzwa ingali mbichi kabisa. Kwa mchuzi ni tamu mno. Ikaange harakaharaka uone taya litakavyouma. Ikikaa baridini, vimeng'enya vyake yenyewe hulegeza nyuzi, maji hupungua na ladha hukolea. Uzito uliopotea ndio unaoulipia. Kwa hiyo muulize muuzaji ilitundikwa lini. Akikutajia tarehe, nunua. Akianza kulisifia duka, pita zako. Ile iliyokomaa ndani ya mfuko usio na hewa nayo hulainika, lakini haijapoteza maji, basi isiuzwe bei ileile. Rangi yake ya zambarau isikutishe: ifungue, iache kama nusu saa, itarudi nyekundu.

Ya pili ni soseji, mradi wanatengeneza wenyewe na wanakutajia kilichomo.

Jibini naiweka ya tatu. Parmigiano Reggiano halisi hukaa si chini ya miezi 12 kabla ya kuuzwa, na kipande cha gramu 100 ukikikwangua kinakwenda mbali. Salami, soseji kavu ambayo mara nyingi ni ya nguruwe, onja kwanza. Duka zuri halikunyimi kipande.

Hapo kwenye salami kuna swali moja la lazima kwa Mwislamu, au kwa yeyote atakayewakaribisha Waislamu: kitimoto inakatwa kwa kisu gani, ubao gani, mashine gani? Cheti cha halali ukutani hakijibu swali hilo kama mashine ya kukatia ni moja.

Sarara (fileti) ni ya nne, na watu watanibishia. Msuli ule haufanyi kazi kubwa, kwa hiyo ni laini hata kwa ng'ombe wa mnada wa Pugu. Mwagize mwenye bucha wako wa mtaani tangu jana yake, maana ng'ombe ana sarara mbili tu na wenye hoteli huwahi. Ukifika, muulizie na nundu. Ya kuchoma haina mpinzani, na kwenye maduka ya kishua sijaiona.

Mkiani kabisa ni nyama ya kusaga na ile iliyokwishatiwa viungo. Viungo huficha harufu na umri wa nyama, tena unavipimiwa pamoja nayo kwenye mizani. Ya kusaga, chagua kipande mwenyewe asubuhi, kisagwe ukiwa umesimama palepale.