Rivyu ya 116 na ofisi zinazofuata: nilivyopiga simu kuzuia ndoa ya binti aliyemaliza la saba

Naanza na simu yenyewe maana ndo sehemu pekee iliyofanya kazi vile inavyotangazwa. 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto inayoendeshwa na shirika la C-Sema wakishirikiana na serikali, ni bure kweli sio bure ya kwenye bango. Mimi ni wakala wa miamala kwenye senta moja huku Shinyanga, kijiji sitaji na mkisoma mpaka mbele mtaelewa kwanini, na laini niliyopigia ilikuwa haina hata shilingi. Ikaita, akapokea dada mmoja ana sauti ya taratibu kama mtu aliyeshakaa na watoto, hakuniuliza jina, hakuniuliza kabila, akaniuliza mtoto yuko wapi sasa hivi, yuko na nani, sherehe ni lini, na nani mwingine anajua kwamba unapiga hii simu. Hilo swali la mwisho nililiona la kawaida tu pale, uzito wake niliujua baadaye.

Sasa binti mwenyewe. Ni mtoto wa majirani, nimemjua tangu anabebwa mgongoni, alikuwa anatumwa kwangu kutoa hela za mama yake na anahesabu chenji haraka kuliko mimi. Kamaliza la saba, hakuchaguliwa. Nikashangaa mtoto yule kutochaguliwa, nikamuuliza siku moja kaja na simu ya mama yake, akaangalia nje kwanza halafu akasema, "Mama, mimi kwenye mtihani yale maswali ya kuchagua niliweka kivuli A zote." Kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, A, A, A. Baba yake alimwambia akifaulu atajua mwenyewe.

Kwa wasiojua huku kwetu hiyo ni mbinu ya siku nyingi na sio ujinga, ni hesabu kabisa. Sheria ya Elimu ilibadilishwa 2016, ukioa au ukimpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni miaka 30 jela, na watu wanaiogopa kwelikweli, hata mshenga anauliza kwanza "anasoma?" Kwahiyo mzee anayetaka ng'ombe anahakikisha mtoto HASOMI. Akishafeli sio mwanafunzi tena, ile 30 haimgusi mtu, halafu Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema binti wa miaka 15 anaolewa baba akiridhia. Mlango umefungwa upande huu upande wa pili uko wazi, na wazee wa huku hawajasoma sheria lakini hilo tundu wanalijua kuliko mawakili.

Basi dada wa 116 akaniambia taarifa inaenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya na watanipigia. Wakanipigia kweli, kesho yake asubuhi, kuniambia imefika na kuuliza kama kuna kilichobadilika. Nawapa nyota 5 bila kusita. Kilio changu kimoja tu, namba imewekwa kwa ajili ya mtoto lakini mtoto wa huku hana simu, simu ni ya baba, na baba ndo anapokea ng'ombe. Wanaopiga ni sisi, walimu, wauza maduka, manesi, kwahiyo wakitangaza watangaze na kwetu, sio katuni za watoto tu.

Afisa ustawi nampa 4, na ile moja namnyima sio kwa kosa lake. Ni dada mdogo tu, kata nyingi, pikipiki hana, alikuja na bodaboda na nina uhakika hela ilitoka mfukoni kwake. Kitu alichonifurahisha hakuanza na vitisho. Kabla ya siku ya sherehe alienda zahanati, akaomba daftari la watoto la miaka ile, akaenda na shule ya msingi akaangalia rejista ya uandikishaji. Huku watoto wengi hawana cheti cha kuzaliwa, kwahiyo umri wa mtu ni vile baba anavyosema, na baba alikuwa anasema binti katimiza 15. Daftari la kliniki likasema 14 na miezi kadhaa. Hiyo karatasi ndo iliyobeba kila kitu, kwasababu chini ya 15 hata hiyo Sheria ya Ndoa inataka ruhusa ya mahakama, baba kuridhia peke yake hakutoshi. Kama unafanya kazi zahanati nakuomba, yale madaftari msifungie maandazi.

Dawati la jinsia na watoto la polisi sasa. Haya madawati yapo nchi nzima, zaidi ya 400, kila mtu anayasifia kwenye mikutano na wazo lenyewe ni zuri sana, unaongea na askari mwanamke chumba cha pembeni sio pale kaunta mbele ya walevi. La kwetu sitataja kituo. Askari wa dawati mwenyewe yuko vizuri, anasikiliza, anaandika, RB, ile namba ya taarifa yako polisi, unapewa hapohapo, PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inatoka bure. Tatizo ni pale anapotakiwa kutoka ofisini. Difenda moja ya kituo kizima, na siku tunaihitaji tukaambiwa gari ipo ila mafuta hamna, "mama kama unaweza kuchangia chochote." Kuchangia! Naripoti kosa la jinai la mtoto wa mtu halafu nichangie dizeli. Nilichangia, nifanyeje, ng'ombe walishahesabiwa na mchele ulikuwa unachambuliwa. Chumba nyota 5, gari nyota 1, jumlisheni wenyewe.

Sherehe yenyewe mngekuwepo. Difenda inaingia, ngoma inaendelea, wala hakuna anayekimbia, nikajua hapa kuna jambo. Askari anauliza bi harusi yuko wapi, analetwa bi harusi kafunikwa shela, wanamfunua ni mtu mzima! Binamu yake, ana watoto wawili, anatabasamu. Wazee wanasema ndo huyu anaolewa leo, mmepotoshwa na wambea. Askari wa kiume wakaanza kugeuka kurudi kwenye gari. Yule wa dawati ndo akazunguka nyuma ya bi harusi na kuangalia gauni: zipu haijafunga, imeishia kiunoni, mgongo wote umeshikiliwa na pini, gauni lilishonwa kwa kipimo cha mtoto. Akauliza kwa upole tu, "Fundi wenu alikosea vipimo hivi?" Kimya. Binti akapatikana nyumba ya tatu kwa bibi mmoja, kakalishwa nyuma ya magunia ya mpunga, hina bado mbichi mikononi.

Mnaojiuliza walijuaje, hapo ndo nyota 0 yangu inapoenda. Katika mlolongo huu taarifa ilipita na kijijini, na kiongozi mmoja wa kijiji, cheo naacha, alimpigia baba mtu jioni yake kumwambia ajiandae na akamtajia kabisa aliyechoma ni nani. 116 walinificha, ustawi walinificha, dawati wakanificha, halafu mtu anayekunywa chai kwangu kila asubuhi akanitoa. Wiki iliyofuata wateja wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa wakala mwingine, na kuna mzee aliniambia kwa heshima zote, "Mama, hela ya ng'ombe wale ndo ingekuja kuwekwa kwako hapo." Kimsingi alikuwa ananidai faida yangu mwenyewe. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoanzishwa chini ya MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zinashuka mpaka kijijini na ni jambo jema, ila wanaokaa humo ni walewale wanaoalikwa kwenye harusi, wengine ni wajomba. Kabla hamjawapa semina nyingine ya haki za mtoto wapeni ya kufunga mdomo.

Halafu usiku ukaingia. Hapa ndo kwenye kiini cha hii rivyu na ndo sehemu ambayo hakuna anayeitangaza. Tumemtoa binti, saa mbili usiku, tuko kituoni, analala wapi? Nyumbani hawezi. Kituoni hairuhusiwi na isingefaa. Kwangu hawezi maana mimi ndo adui. Kuna utaratibu wa familia za kuaminika, watu waliochunguzwa na ustawi wanaopokea mtoto kwa muda, mzuri sana kwenye karatasi, kwenye wilaya yetu waliokuwepo walikuwa wameshajaa. Mkoa wa Mara kuna nyumba salama zinazojulikana, Mugumu na Masanga, zilianza kwa ajili ya mabinti wanaokimbia kukeketwa, ila Mara ni Mara, sisi tuko Shinyanga. Mwishowe dada wa ustawi akambeba, akalala kwenye kochi la sebuleni kwake. Kwake! Mtumishi wa serikali anageuza sebule yake kuwa kituo cha watoto kwasababu bajeti haina mstari wa godoro. Askari wa dawati alimnunulia chipsi na soda, binti akala chipsi zote, soda akasema anampelekea mdogo wake, hapo askari akatoka nje kidogo.

Kesi ilifunguliwa, ndio. Na ilikufa kama zinavyokufa. Baba alilala ndani, kesho yake mama yuko kituoni analia kwamba msimu wa kulima umefika na mwenye kushika jembe la ng'ombe ni huyo mliyemfungia, mnataka tule nini. Na sio uongo. Binti akaulizwa utasimama mahakamani useme baba alifanya hivi, akatikisa kichwa. Muoaji alishapotea upande wa Kahama, kurudisha ng'ombe wakamalizana wenyewe kwa wenyewe. Sikumlaumu mtoto, ungekuwa wewe ungemfunga baba yako? Ndo maana nasema mfumo unaomtegemea mtoto wa miaka 14 awe shahidi namba moja dhidi ya mzazi wake, bila kumpa hata mtu wa kukaa naye mwezi mmoja kabla, umeshapanga kushindwa.

Na sheria nayo ipate nyota zake. Mwanasheria Rebeca Gyumi alienda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, ndo hivyo vinavyoruhusu binti wa 15 kuolewa, 2016 akashinda, serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha, ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema hapana, rufaa imetupwa, umri uwe 18 kwa wote. Miaka ikaenda na vifungu vikabaki vilevile kitabuni. Wenzetu Kenya waliandika 18 kwenye sheria yao ya ndoa ya 2014 wakamaliza. Sisi Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni chini ya miaka 18, halafu Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, inasema kulala na binti chini ya 18 ni kubaka ISIPOKUWA awe mke wako mwenye miaka 15 au zaidi. Soma tena hapo. Yaani kosa la jinai linafutwa na ng'ombe. Kwahiyo ile kazi yote, simu, dizeli, daftari la kliniki, pini za gauni, ilimkinga mtoto kwa miezi michache iliyobaki kufika 15, baada ya hapo afisa yeyote mvivu ana kisingizio kilichochapwa na serikali. Takwimu za taifa zinasema karibu wanawake 3 kati ya 10 wenye miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya 18, mimi nikiangalia wateja wangu naona ni pungufu. Nyota 1, ya majaji.

Binti yuko mjini kwa shangazi yake sasa, kasajiliwa masomo ya njia mbadala ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, nauli na madaftari ustawi hawana fungu kwahiyo tunachangishana watu kadhaa kimyakimya. Utafiti wa nani kamfuatilia tangu atoke kwenye lile kochi ni rahisi, ni dada yuleyule wa ustawi, anapiga kwa vocha yake.

Je utumie huduma hii? Tumia, tena piga leo kama kuna posa unaijua, usisubiri siku ya ngoma maana siku ya ngoma unaingia kwenye biashara ya difenda. Ukipiga 116 waambie wazi kama kiongozi wa kijiji ni ndugu wa familia, uombe taarifa ipelekwe moja kwa moja wilayani. Nenda na ushahidi wa umri, kadi ya kliniki ukiipata piga picha kabla haijachomwa. Chukua namba ya RB uiandike mahali, sio kichwani. Na kabla hamjamtoa mtoto ndani muulize afisa yeyote aliye mbele yako, leo analala wapi na kesho analala wapi, akikosa jibu la kesho anza kutafuta shangazi mapema.