Nimesoma Corinda na Annemann ili nijifunze mentalizimu, huu ndo uzoefu wangu

Niseme mapema, kama unatafuta kitu cha kuwashangaza watu kwenye bethdei wikiendi hii, hivi vitabu viwili vya mentalizimu, yaani mazingaombwe ya kujifanya unasoma mawazo ya watu, sio vyako. Kanunue karata, jifunze mchezo mmoja, inatosha. Mimi nafanya mazingaombwe kwenye sherehe hapa Dar, sendofu, bethdei za watoto, na nilikuwa nimeshachoka na mambo ya leso na mipira ya sponji, nikataka ile ya kumwambia mtu anachowaza. Ukiwauliza wakongwe wa fani hii wengi watakutajia kitabu kilekile, 13 Steps to Mentalism cha Tony Corinda, Mwingereza.

Hiki hakikuanza kama kitabu kimoja. Vilikuwa vijitabu 13, kila kimoja ni hatua yake, vilivyotoka kimoja kimoja mwishoni mwa miaka ya 1950, baadae ndo vikaunganishwa, na ukisoma unaona kabisa. Hatua ya kwanza inakurusha moja kwa moja kwenye kakifaa kadogo ka kuandikia kwa siri (sitakaelezea, samahanini), yaani hata hujajua unataka kuwa msanii wa aina gani tayari unafundishwa kuficha kitu kidoleni. Ushauri wangu iruke. Anza na ya tatu, ya kumbukumbu, maana hiyo haina siri ya kukamatwa nayo, ukijua umejua. Mimi nimeichanganya na ule mfumo wa zamani wa kugeuza namba kuwa konsonanti, T na D ni 1, N ni 2, M ni 3, R ni 4, L ni 5, K na G ni 7, P na B ni 9 na kadhalika, vokali hazihesabiwi, halafu namba inakuwa neno lenye picha, na kila kitu unachotajiwa unakiunganisha kichwani na picha ya namba yake. Aisee Kiswahili kinakubali sana kwa sababu tunasoma herufi kama zilivyoandikwa: mti ni 31, kiti ni 71, kuku ni 77, papa ni 99. Watu wakikutajia vitu ishirini ukawarudishia kuanzia mwisho kwenda mwanzo bila kukosea, hapo hujatumia hata kifaa kimoja na ukumbi wote kimya.

Ukitoka hapo rudi ya pili, kusoma misuli. Mtu anaficha funguo, unamshika kifundo cha mkono, unamwambia awaze tu njia ya kwenda huko, na mkono wake wenyewe unakuwa mzito ukikosea na mwepesi ukipatia, na yeye hajui kabisa kama anakuongoza. Sio uongo, Mmarekani Washington Irving Bishop na Mwingereza Stuart Cumberland walipata jina kubwa kwa kitu hikihiki karne ya 19. Ila maelezo ya kitabuni hayatoshi, lazima ushike mikono ya watu wengi, na chagua mtu mwenye hamu ya kuona mchezo, yule anayekunja mikono na kukukodolea macho mwache akae.

Sehemu ya mawasiliano ya watu wawili, mmoja anauliza na mwenzake anajibu kama vile anasoma mawazo, ndo iliyonipa kazi. Yale maneno ya siri ya kupeana jibu yamejengwa kwa Kiingereza, kama walivyokuwa wakifanya kina Zancig, mke na mume waliovuma mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo kuyatafsiri haiwezekani, inabidi utunge yako. Mimi na binamu yangu tulitumia haya, sasa, ee, bwana, tuambie, hebu, yaani vimaneno ambavyo MC yeyote wa Kibongo anavimwaga bila watu kuvisikia. Inafanya kazi vizuri kuliko ya kitabuni, naapa.

Kuna vitu vimepitwa na wakati. Mambo ya kuita mizimu kwenye chumba cha giza kwa Waingereza wa wakati ule ilikuwa burudani, huku kwetu sikushauri. Watu wataamini. Hata bila mizimu wanaamini, ukimaliza tu shoo kuna mtu anakuvuta pembeni anataka umwambie mume wake yuko wapi usiku, au umpigie ramli, na hela anatoa mkononi. Mimi nasema wazi mwanzoni kabisa kwamba huu ni mchezo, na akinifuata mtu namjibu hivyohivyo. Ile hatua ya maswali na majibu, ya kumwambia mtu mambo yake kwa maneno yanayomfaa karibu kila mtu, inatisha ukijua inavyofanya kazi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao, wakayapa wastani wa 4.26 kati ya 5 kwa usahihi, kumbe wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale. Sasa fikiria mganga mwenye njaa akiwa na ujuzi huo.

Practical Mental Effects cha Theodore Annemann ni kitu tofauti. Huyu alikuwa Mmarekani, alichapisha jarida la The Jinx kuanzia 1934, akafariki Januari 1942, na kitabu kikakusanywa na wenzake kikatoka 1944. Hakikufundishi hatua kwa hatua, kinakupa mchezo, njia yake, basi, tena njia fupi hadi unajiuliza ndo hii tu? Ndo hiyo tu. Nilichojifunza zaidi ni kwamba mtu ukimwambia aandike kwenye karatasi lazima umpe sababu, mimi nawaambia "andika ili wenzako wasije wakasema umebadilisha," na hakuna anayehoji tena.

Kiingereza cha vyote viwili ni cha kizamani, kuna kurasa nilizisoma na kamusi pembeni, na Corinda anapenda stori ndefu kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe, hapo nimemkata nyota moja, nampa 4 kati ya 5. Annemann nampa 4 pia, ila asinunue mgeni kabisa, atapotea. Na tafuteni nakala ya karatasi hata kama ni mtumba, zile PDF za kupiga picha kwa simu michoro haionekani, na kwenye hatua ya sita ya Corinda, ile ya vikaratasi vilivyokunjwa, usipoona vidole vimekaaje hutaelewa chochote.