Kipimo cha kupuliza cha H. pylori, nimekifanya, niwaambie

Kama umewahi kupimwa damu ukaambiwa una H. pylori, yule bakteria wa tumboni, soma hii kabla hujameza dozi nyingine. Mimi nilimaliza ile ya kwanza vizuri kabisa, siku 14, mdomo mchungu kama nimenyonya sarafu, halafu kituo kimoja kikanipima damu tena, positivu, nikabebeshwa dozi ya pili. Hakuna aliyeniambia kwamba kile kipimo kinaangalia kinga ambayo mwili umeitengeneza dhidi ya bakteria, na kinga hiyo inaweza kubaki miezi au hata miaka wakati bakteria wenyewe wameshakufa zamani. Imeniuma sana.

Sasa hiki cha kupuliza. Unaenda hujala, unapuliza kwenye kifuko, unakunywa maji yenye yurea ya kaboni-13, yaani yurea yenye aina ya kaboni wanayoweza kuitambua kwenye pumzi yako, unakaa kama nusu saa unapuliza kifuko cha pili, basi, hakuna sindano wala mpira wa kamera kooni. H. pylori ana kimeng'enya cha kuvunja yurea, ndicho kinachomsaidia kuishi kwenye asidi ya tumbo, kwa hiyo akiwepo yurea inavunjika, inatoka hewa ukaa yenye ile kaboni, inapita kwenye damu mpaka mapafuni na unaitoa kwa pumzi. Na kaboni-13 haina mionzi, msiogope.

Dada aliyenihudumia nampa maksi zote. Kifuko cha kwanza nilipuliza juu juu akanirudisha, akasema anataka pumzi ya mwisho kabisa, ile ya chini. Na siku ya kupanga miadi waliniuliza kwanza kama natumia omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, maana inatakiwa uiache wiki 2 kabla na antibayotiki wiki 4, la sivyo bakteria wanapungua na kipimo kinaweza kusema hawapo kumbe wapo. Ila wangeniambia pia kiungulia nikitulize na nini hizo wiki mbili, nilikuwa nalala nimeegemea mito, ikabidi nirudi kwa daktari kuuliza.

Wengi wanaishi naye bila shida yoyote lakini huyu mdudu analeta vidonda vya tumbo, na tangu 1994 yupo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, yaani vile vilivyothibitishwa, kwa hiyo kujua kwa uhakika kama ameondoka ni muhimu.

Majibu yangu: hayupo. Ila aliondoka na dozi ya kwanza au ya pili siwezi kujua tena, na kipimo hiki kingefanywa katikati ningejua.