Nilitia sahihi kwamba nimefika, wakaniambia nimekubali: uzoefu wangu na ofisi ya wadi

Simpendekezei mtu yeyote ofisi ya wadi yetu. Najua maneno hayo hayana maana sana, kwa sababu ofisi ya kaunti si duka ambalo ukichukizwa unavuka barabara na kuingia la jirani. Ukiwa mkazi wa wadi, hiyo ndiyo ofisi yako, upende usipende. Ndiyo maana naandika kwa uchungu kuliko ningeandika kuhusu simu mbovu. Simu ningeirudisha.

Mimi nauza nafaka. Mahindi, maharagwe, ndengu zikipatikana. Soko letu lilikuwa la Jumanne tangu enzi za mama mkwe wangu, na Jumanne hiyo ilikuwa na hesabu yake. Malori ya wanunuzi huzunguka: leo soko hili, kesho lile, na Ijumaa huishia soko kubwa lililo kando ya barabara ya lami. Sisi tulikuwa kituo chao cha Jumanne. Halafu kaunti ikaamua soko letu liwe la Ijumaa, siku ileile ya soko kubwa. Sasa niambie, mwenye lori ana haja gani ya kushuka hadi kwetu kwa barabara ya vumbi wakati mzigo umejaa pale palipo na lami? Na wenzetu Waislamu, ambao ndio wengi katika safu ya nguo na viungo, mchana wa Ijumaa wako msikitini, saa zilezile soko linapochemka. Mtu yeyote aliyewahi kusimama sokoni hata wiki mbili angeyaona hayo bila kuambiwa.

Habari tuliipata kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa choo cha soko, kwa Kiingereza. Kijana wa bodaboda ndiye aliyetusomea. Wengine walicheka wakidhani amekosea kusoma.

Nilienda ofisini mara ya kwanza nikaambiwa mkubwa yuko makao makuu ya kaunti. Mara ya pili mwenye ufunguo wa kabati alikuwa hajafika, nikakaa kwenye benchi mpaka mchana, nikarudi. Hayo nimeyasamehe. Afisa mmoja hutumwa huku na kule, barabara zetu ni mbovu, na pikipiki ya ofisi ilikuwa imeegemea ukuta bila gurudumu la mbele. Mara ya tatu ndiyo siwezi kuisamehe.

Afisa alikuwepo. Hakuinua kichwa. Akauliza, "Mama, una shida gani?" Nikamwambia nataka kujua kwa nini soko limebadilishwa siku. Akasema, "Si mliulizwa?" Nikamuuliza ni nani aliyeulizwa. Hapo akainuka, akatoa faili, akalamba kidole, akafunua karatasi moja moja bila haraka, kisha akanisogezea faili hilo na kuweka ukucha chini ya mstari mmoja. "Huyu ni nani?"

Alikuwa ni mimi. Jina langu, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, na sahihi yangu yenye mkia mrefu ambao nimeuchora hivyo tangu shule ya msingi.

"Basi," akasema. "Ulikubali. Usituletee siasa hapa."

Nimeshaibiwa sokoni. Nimeshapewa noti bandia na mtu niliyemfahamu. Lakini sijawahi kuhisi nilivyohisi siku ile, kuonyeshwa mkono wangu mwenyewe kama shahidi dhidi yangu. Nilitoka nje nikasimama chini ya mti, na nikaanza kujishuku. Labda nilikubali kweli? Labda walisema nami sikusikia?

Basi nieleze ule mkutano ulivyokuwa, maana nimeukumbuka usiku mwingi. Ulikuwa miezi kadhaa kabla ya hapo, katika ukumbi wa kanisa. Mzee wa kijiji alipita akitangaza kwamba kaunti inakuja kuzungumza juu ya kuboresha soko. Tulifika saa tatu; wao walifika karibu saa sita. Karatasi ya mahudhurio ilikuwa mlangoni, na kila aliyeingia alitia sahihi kwanza, kisha akapewa chupa ya maji na kuonyeshwa kiti. Narudia, kwanza. Nilitia sahihi kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa. Hata ombi la kufungua mkutano lilikuwa halijaombwa. Sasa nilikubali nini? Nilikubali maji?

Wakazungumzia paa, vyoo, na namna vibanda vitakavyopewa nambari. Mambo mazuri, nami nilipiga makofi. Kuhusu siku ya soko nakumbuka neno moja tu. Mmoja wao alisema wataangalia pia "ratiba". Nilidhani ni ratiba ya ujenzi. Nakiri kwamba nilitoka nje mara moja kupokea simu, na huenda jambo hilo lilielezwa nikiwa huko. Lakini nimewauliza wanawake kumi na zaidi waliokaa ndani muda wote, na hakuna hata mmoja aliyesikia Ijumaa ikitajwa.

Binti yangu yuko chuoni, na ndiye aliyenifungua macho. Alinisomea Katiba ya Kenya ya 2010 kwenye simu, Ibara ya 47: mtu ambaye haki yake imeathiriwa na hatua ya kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Hiyo haimtaji tajiri wala wakili, inamtaja mtu. Akanisomea pia kwamba Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake waziwazi na kuwashirikisha wananchi, na kwamba mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ikasema kaunti itumie makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za wenyeji ili watu waelewe jambo lililo mbele yao. Niliposikia hayo nilimwambia asome tena. Kumbe kilichoniuma chini ya ule mti kilikuwa na jina mahakamani.

Nikaandika barua kwa mkono wangu, kwa Kiswahili, nikiomba kumbukumbu za mkutano ule na sababu ya kubadilisha siku. Pale mapokezi nikakutana na mtu mmoja, si yule wa faili, akaitazama na kusema, "Andika kwa Kizungu ndiyo ifike juu." Hasira ikanipanda upya. Ni ofisi gani ya umma Kenya isiyosoma Kiswahili? Ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, zote mbili, katika Katiba hiyohiyo. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi iamue ndani ya siku 21. Binti yangu alikuwa ameniandikia hayo nyuma ya risiti ya soko, nami nikaitoa risiti hiyo na kuiweka mezani.

Na hapa lazima nigeuze maneno yangu ya mwanzo, maana nisipofanya hivyo nitakuwa mwongo. Msichana aliyekuwa akipanga faili nyuma ya yule wa mapokezi akasogea, akaisoma barua yote, mstari kwa mstari. Hakubishana na mtu. Akachukua muhuri, akaugonga kwenye nakala zote mbili, akaandika tarehe, akanirudishia yangu. Kisha akanivutia kiti. "Keti, mama. Umesimama sana." Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 nimeingia ofisi za kaunti mara nyingi, za ushuru, za afya, za leseni. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyoambiwa keti.

Huyo ndiye aliyenieleza sababu, kwa sauti ya chini. Lori la taka. Kaunti ina lori moja la kuzoa taka upande wetu, nalo hupita huku Jumamosi. Soko likiwa Jumanne, taka hukaa hapo mpaka mwisho wa wiki, nzi wanajaa, na maafisa wa afya walikuwa wamelalamika. Soko likiwa Ijumaa, lori hukuta taka za jana yake. Basi.

Nilikaa kimya. Sababu hiyo si ya kijinga. Mimi mwenyewe nimeuza maharagwe Jumatano nikiwa nimefunika pua. Masoko ni kazi ya kaunti na taka ni kazi ya kaunti, na mtu fulani mahali fulani alikaa na karatasi akajaribu kuyaoanisha mawili hayo kwa lori moja. Kwa muda wa dakika chache nilimwonea huruma mtu huyo. Ningeweza hata kusema wamejitahidi.

Lakini kwa nini hawakutuambia? Hilo ndilo linalonirudisha palepale kwenye hasira. Wangesimama katika ukumbi ule wakasema, "Ndugu zetu, tuna lori moja na linapita Jumamosi, tufanyeje?" tungewajibu kabla maji hayajaisha kwenye chupa. Kuna mikokoteni ya punda sokoni inayorudi mitupu jioni. Kuna shimo la zamani la machimbo ya mawe nyuma ya posho mill, ambapo taka zingeweza kusubiri mbali na chakula. Labda mawazo hayo yasingefaa, sijui kazi yao. Ila walikuwa na watu wanaojua soko wamekaa mbele yao tangu saa tatu asubuhi, na walichochukua kutoka kwao ni sahihi tu.

Siku 21 zilipita. Nikarudi, nikaambiwa bado. Nilipotaja kwamba nitapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, kumbukumbu zilipatikana wiki iliyofuata. Ukurasa mmoja na nusu. Kuna paa, kuna vyoo, kuna shukrani kwa kanisa. Kisha sentensi moja inayosema kwamba wananchi walikubaliana kwa kauli moja kuhusu ratiba mpya ya soko. Hakuna lori wala taka, na Ijumaa haitajwi popote. Nyuma yake imebanwa karatasi ya mahudhurio, na mimi ni wa kumi na nne.

Kwa hiyo nawapa nyota ngapi? Nilipoanza kuandika nilikuwa na moja kichwani, na hiyo moja ni ya kiti. Nikimkumbuka yule msichana nataka kuongeza, kwa sababu mtu mmoja mwenye muhuri na adabu alinipa kuliko mkutano mzima. Nikikumbuka ule ukucha chini ya jina langu naziondoa zote. Mwenye shida pale aende wakati msichana huyo yuko, abebe nakala mbili, na asitoke bila muhuri.

Soko bado ni la Ijumaa. Nauza karibu nusu ya nilichokuwa nauza, na safu ya viungo imebaki na watu watatu. Juzijuzi wameitisha mkutano mwingine, ukumbi uleule, safari hii kuhusu ada za vibanda. Karatasi ilikuwa mlangoni tena. Niliandika jina, nambari ya kitambulisho, na kwenye nafasi ya sahihi nikaandika: *nimefika, sijakubali jambo lolote.* Mwenye kalamu akaniambia nafasi hiyo haiandikwi maneno, akaleta karatasi mpya. Nikaandika vilevile. Nyuma yangu watu walikuwa wamepanga foleni na jua lilikuwa kali, akaniacha nipite.