Kozi ya Sauti kuhusu Majimbo ya Urusi: Somo la Pili Linatosha Bei Yake

Kozi hii ya masomo sita, niliyoinunua mtandaoni na kuisikiliza kwa wiki mbili nikiwa njiani kwenda kazini, inaeleza jinsi watawala wa Urusi wa karne ya 18 walivyohangaika kuyatawala majimbo yao. Mwalimu anaanzia kwenye fedha: Petro Mkuu alipoigawa nchi katika gubernia (majimbo makubwa) 8 mwaka 1708, alikuwa vitani na Uswidi, na alichokitaka hasa kwa magavana kilikuwa kodi na askari.

Somo la pili, linalohusu mageuzi ya 1719, ndilo bora kuliko yote. Petro aliiga muundo wa utawala wa Uswidi, adui yake yule yule, akaongeza mikoa ipatayo 50 chini ya gubernia. Lakini Seneti, baraza kuu la serikali yake, iliikataa ngazi ya chini kabisa, ya parokia, ambayo kule Uswidi iliwashirikisha wakulima, kwa hoja kwamba vijijini Urusi hapakuwa na wakulima wenye akili. Mwalimu anaisoma hoja hiyo taratibu, kisha ananyamaza kidogo, nami nikarudisha nyuma kuisikiliza tena. Petro alifariki 1725, na kufikia 1727 sehemu kubwa ya muundo ule ghali ilikuwa imekwisha kuvunjwa.

Sheria ya Katerina wa Pili ya Novemba 1775, iliyotolewa baada ya uasi wa Pugachev, Mkozaki aliyewaongoza wakulima dhidi ya serikali, kudhihirisha jinsi serikali ilivyokuwa dhaifu nje ya miji mikuu, inapewa masomo matatu, na hapo ndipo kasoro inapojitokeza. Vipimo vinaelezwa vizuri: gubernia iwe na wanaume 300,000 hadi 400,000, na wilaya 20,000 hadi 30,000, kwa kuwa hesabu ya kodi haikuwahusu wanawake. Vilevile tunaelezwa kuhusu bodi za ustawi wa jamii, ambazo kila moja ilipewa mtaji wa rubli 15,000 kwa ajili ya shule, hospitali na nyumba za maskini. Hata hivyo, mwalimu anaisifu mno Mahakama ya Dhamiri, iliyoamua kesi kwa uadilifu na upatanisho badala ya kushikilia sheria tu, huku wakulima waliomilikiwa na makabaila, ambao mahakama hizo mpya hazikuwakomboa kutoka mikononi mwa mabwana wao, wakitajwa kwa sentensi moja tu. Mkuu wa polisi wa wilaya alichaguliwa na makabaila wenyewe. Sasa mkulima wa kabaila angemshtaki bwana wake kwa nani? Swali hilo halikuulizwa.

Somo la mwisho, linalomhusu Paulo wa Kwanza, mwana na mrithi wa Katerina, limefanywa kwa haraka. Sauti ni safi, bei si kubwa, ila ramani hakuna hata moja, kwa hiyo msikilizaji asiyejua Kazan iko wapi atafute atlasi yake kabla hajaanza.